Daftari la CRB: Wakopeshaji Hulisoma, Wewe Je?



Kama ulilelewa mtaani, iwe ni Kaloleni ya Nairobi, Majengo ya Mombasa au Nyalenda ya Kisumu, bila shaka unalikumbuka daftari la mwenye duka. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada lake limelowa mafuta ya taa, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Mama akikutuma unga na hana pesa, ulisimama mbele ya wavu ukasema kwa sauti ya chini, "Mama amesema uandike." Mwenye duka alifungua ukurasa wa mama, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Kama ukurasa ulikuwa safi, unga ulitoka. Kama haukuwa safi, ulirudi nyumbani mikono mitupu, na wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameshasikia habari za kwenu.

Lilikuwa daftari kali, lakini lilikuwa na mema mawili. Kwanza, ulijua lipo, na mama angeweza kwenda mwenyewe dukani akasema, "Hapa umeandika mikate miwili, sisi tulichukua mmoja." Pili, daftari lile halikuvuka barabara. Ukihama Kaloleni ukaenda kukaa Makongeni, ulikuta duka jingine na ukurasa mpya.

Daftari ninalotaka tulizungumze leo halina mema hayo mawili, au tuseme linayo lakini wengi wetu hatujui tuyapate wapi. Hili linavuka barabara, mito na kaunti. Limeandikwa kwa nambari ya kitambulisho chako, na nambari hiyo haibadiliki hata ukihama mara ishirini. Nalo linasomwa na watu usiowajua, siku usiyoijua. Nazungumza juu ya mashirika ya kumbukumbu za mikopo, ambayo hapa Kenya kila mtu, hata bibi wa sokoni, anayaita CRB.

Kilichonifanya nilete jambo hili mbele yenu ni kijana mmoja wa mtaani kwetu, mtoto wa jirani. Ana stashahada ya ugavi na ununuzi, na kwa miaka miwili amekuwa akibeba bahasha ya vyeti kutoka ofisi moja hadi nyingine. Hatimaye kampuni moja ya Industrial Area ikamwita. Kazi ni ya karani wa stoo, mshahara si wa kutisha, lakini ni mshahara. Aliambiwa alete cheti cha nidhamu kutoka kwa polisi, barua ya chifu, na cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba hana deni lililoshindikana. Cheti cha polisi akapata. Barua ya chifu akapata. Kile cha tatu kilipoombwa, jibu likarudi kwamba ameorodheshwa.

Alikuja kwangu usiku akiwa na simu mkononi. "Mzee," akaniambia, "mimi sijawahi kuingia benki kuomba mkopo hata siku moja."

Na alisema kweli, hakuwahi kuingia benki. Lakini mwaka 1919, samahani, mwaka 2019, akiwa bado chuoni, alibonyeza simu akakopa shilingi 1,350 za kulipa siku thelathini. Juma lililofuata simu ikaibwa ndani ya matatu. Akanunua laini ya kampuni nyingine kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, maisha yakaendelea, na zile shilingi 1,350 akazisahau. Aliyemkopesha nyuma ya simu ile ilikuwa ni benki, na benki haikuzisahau.

Sasa hebu tulifungue daftari tuone linavyoandikwa.

CRB si ofisi ya serikali, wala si mahakama. Ni kampuni ya kibiashara iliyopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za kuanzisha mashirika haya zilitolewa mwaka 2008, na kampuni ya kwanza, CRB Africa, ikapata leseni mwaka 2010. Ndiyo ambayo baadaye ilichukua jina la TransUnion. Metropol ikafuata mwaka 2011, na Creditinfo mwaka 2015. Kazi yao ni kupokea habari kutoka kwa wakopeshaji, kuzipanga kwa jina na nambari ya kitambulisho, na kuziuza kwa mkopeshaji mwingine anayetaka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Wanaowapelekea habari ni mabenki, benki ndogo za biashara ndogondogo, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na wakopeshaji wa simu waliopewa leseni.

Hapo mwanzo, mabenki yalilazimika kupeleka habari mbaya tu. Yaani ukilipa vizuri miaka kumi, hakuna aliyeandika. Ukikwama mara moja, umeandikwa. Ni kama mwalimu anayeweka daftari la watoro peke yake, asiwe na la mahudhurio. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 zikabadilisha jambo hilo: mazuri na mabaya yote yapelekwe. Tangu hapo kila mkopo wako wa benki unaandikwa ulipo, ulipaji wake, na siku ulizochelewa.

Siku hizo zina hesabu yake, na ni vyema uijue. Mkopo uliochelewa hadi siku 30 bado huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kuanzia siku ya 31 hadi ya 90, unawekwa katika kundi la kuangaliwa. Ukipita siku 90, unahesabiwa kuwa umeshindikana, na hapo ndipo watu wanaposema "nimewekwa CRB". Lakini nakuomba unisikilize vizuri hapa. Kila mtu aliyewahi kukopa benki yumo CRB. Mimi nimo. Meneja wa benki yumo. Kuwamo si kosa. Swali ni limeandikwa nini.

Kutokana na maandishi hayo, mashirika hupiga hesabu na kukupa alama, kama mtihani. Metropol, kwa mfano, hutumia alama kutoka 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 ni yule mwenye mkopo ulioshindikana. Alama hiyo haitoi mkopo wala hainyimi. Anayekubali au kukataa ni benki. Shirika linasema tu, "Huyu bwana ana 610," kisha linanyamaza. Ndiyo maana ukienda CRB kugombana kwa sababu umenyimwa mkopo, watakuelekeza urudi benki, na benki nayo itakwambia, "Ni CRB." Mpira huo umewachosha wengi.

Tusiwe wepesi wa kuyalaani mashirika haya bila kukumbuka tulikotoka. Walio na umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990. Benki zilikuwa zikifungwa milango, Trust Bank mwaka 1998 ikiwa mojawapo, na watu waliweka akiba zao humo wakabaki wamesimama nje wakisoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Mwishoni mwa muongo ule, zaidi ya robo ya mikopo yote ya mabenki nchini ilikuwa haikulipwa. Wala hawakuwa wakulima wadogo wa chai walioila. Walikuwa waheshimiwa waliokopa benki hii, wakaacha deni, wakavuka barabara wakakopa benki ya pili kwa shamba lile lile na tabasamu lile lile. Benki ya pili haikuwa na njia ya kujua, kwa maana siri ya mteja ilikuwa siri. Daftari la pamoja lilibuniwa hasa kwa ajili ya mabwana hao.

Wala si jambo lililozaliwa kwetu. Mwaka 1841 mfanyabiashara mmoja wa New York, Lewis Tappan, alianzisha ofisi ya kukusanya habari za wafanyabiashara wa Marekani wanaochukua bidhaa kwa mkopo. Alikuwa na watu katika kila mji, wengi wao mawakili, wakimwandikia barua: fulani ni mlevi, fulani ana shamba, fulani mkewe ndiye mwenye mali. Kwa miaka mingi anayeandikwa hakuwa na haki ya kuona kilichoandikwa. Wamarekani walingoja hadi mwaka 1970 ndipo sheria ya nchi ikasema mtu anaweza kuona kumbukumbu zake na kuzipinga. Miaka mia moja na ishirini na tisa! Sisi tulipata haki hiyo tangu mwanzo, imo ndani ya kanuni, na hatuitumii.

Sasa turudi kwenye simu, kwa maana huko ndiko daftari la waheshimiwa lilikogeuka kuwa daftari la makabwela.

Mwezi wa Novemba 2012 ulianza mkopo wa M-Shwari, na baada yake ikaja mingine mingi. Ghafla mtu asiye na hati ya shamba, asiye na hati ya mshahara, akaweza kukopa shilingi mia tano akiwa kitandani. Hilo si jambo dogo. Mama mboga aliyekuwa akikopa kwa mwenye riba ya mtaani aliliona kuwa ukombozi, na kwa wengi lilikuwa hivyo. Baadaye wakaja wakopeshaji wengine wasio benki, wenye programu za simu, ambao hawakuwa chini ya Benki Kuu. Baadhi yao waliruhusiwa kupeleka majina CRB. Wakapeleka, tena kwa pupa. Watu wakaorodheshwa kwa shilingi mia mbili. Ukitaka cheti cha kusafishwa baada ya kulipa, ulitakiwa wakati huo kutoa ada ya kama shilingi 2,200. Hebu fikiria: deni mia mbili, sabuni ya kulifua elfu mbili na mia mbili.

Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ilichoka na malalamiko. Ikawaondoa wakopeshaji wale wasio na leseni katika mpango wa kupeleka majina, ikapiga marufuku kuorodhesha mtu kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000, na ikaagiza cheti cha kwanza kitolewe bure. Mwaka 2022 zikaja kanuni za wakopeshaji wa simu, kwamba kila mmoja apate leseni, na asiingie katika majina ya simu yako kumpigia shemeji yako na mchungaji wako kuwaambia unadaiwa. Wako waliovunja ndoa kwa simu hizo, msikilizaji, wala sitanii.

Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2022, Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasaidia walioorodheshwa kwa mikopo ya simu ya mabenki yenye muda wa siku 30 au chini. Nawaomba mzisikilize hesabu hizi. Mikopo hiyo iliyoshindikana ilikuwa ya shilingi bilioni 30 hivi. Mikopo yote ya mabenki nchini ilikuwa shilingi trilioni 3.6. Kwa hiyo bilioni zile 30 zilikuwa asilimia 0.8 tu, yaani hazifiki hata shilingi moja katika kila shilingi mia. Lakini watu waliokuwa nyuma ya asilimia hiyo isiyofika moja walikuwa zaidi ya milioni 4.2. Ndiyo kusema, daftari lililobuniwa ili kumshika mheshimiwa wa mamilioni lilikuwa limejaa majina ya watu wa mia saba saba na elfu mbili mbili. Chini ya mpango ule mabenki yalipunguza deni kwa angalau nusu, na mdaiwa akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza iliyobaki.

Kijana wetu alistahili msamaha huo. Deni lake lilikuwa la siku thelathini, la benki, limeshindikana. Mbona hakulipwa nusu? Kwa sababu ujumbe ulitumwa kwa simu. Kwa laini ile ile iliyoibwa kwenye matatu mwaka 2019.

Na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Kanuni zinasema mkopeshaji akujulishe siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kwa habari mbaya. Mkopeshaji anasema, nilimjulisha, nilituma ujumbe. Naye kweli alituma. Ukibadilisha laini, ukibadilisha sanduku la posta, ukihama, onyo lako linamfikia mtu mwingine, au halimfikii yeyote. Wako wanaotupa laini makusudi wakidhani wamelitupa na deni. Deni halikai kwenye laini. Limeshonwa kwenye kitambulisho.

Basi nikamuuliza kijana, "Wanadai kiasi gani sasa?" Akasema shilingi 4,100. Nikamwambia angoje.

Iko sheria moja ambayo ningependa kila mdaiwa wa Kenya aijue. Ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kutumika mwaka 2007. Kinasema kwamba mkopo ukishashindikana, riba haiwezi kuongezeka ikapita kiasi cha deni la msingi lililokuwapo siku uliposhindikana. Kwa Kiswahili cha sokoni: ulikwama ukidaiwa elfu moja, riba ikome kwenye elfu moja nyingine, hata ipite miaka kumi. Wanaweza kuongeza gharama halali za kulifuata deni, lakini lazima waonyeshe gharama hizo. Kijana alikwama akidaiwa 1,350. Mara mbili yake ni 2,700. Hizo 4,100 zilitoka wapi?

Tuliandika barua. Nasema tuliandika, lakini aliyeandika ni yeye, mimi nilisahihisha Kiingereza. Ukurasa mmoja tu: nambari ya kitambulisho, tarehe ya mkopo, kiasi, kifungu cha sheria, na ombi la hesabu kwa maandishi. Akaipeleka tawini mwenyewe na kugongewa muhuri nakala yake. Siku tisa baadaye akapigiwa simu na mama mmoja wa idara ya madeni, mwenye adabu kabisa, akamwambia hesabu imerekebishwa, ni shilingi 2,700. Hakuna aliyebisha. Nilijiuliza ni wangapi wamelipa ile ya kwanza bila kuuliza.

Katika kuhangaika na kijana nikatambua kwamba mimi mwenyewe, ninayewahubiria, sijawahi kuona ukurasa wangu. Kanuni zinampa kila mtu haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa shirika, na pia bure ukinyimwa mkopo kwa sababu ya taarifa hiyo, mradi uombe ndani ya siku 30. Nikaiomba yangu. Ilikuja kurasa nne.

Nilikuta mikopo niliyoisahau. Nilikuta mkopo wa karo ya binti yangu, umeandikwa umelipwa, na miezi miwili niliyochelewa imeandikwa pia, bila huruma. Halafu, ukurasa wa tatu, nikakuta deni la shilingi 640 katika benki niliyoiacha miaka sita iliyopita. Nilidhani akaunti ile imekufa. Kumbe haikufa. Benki iliendelea kukata ada ya kila mwezi kutoka kwenye akaunti isiyo na kitu, ikaingia chini ya sifuri, na hicho kilicho chini ya sifuri kikaitwa mkopo wangu. Kilichoniokoa ni ile kanuni ya shilingi 1,000. Miezi michache zaidi ya ada, na mtangazaji wenu angekuwa ameorodheshwa kwa mkopo ambao hakuuomba. Nikaenda nikaifunga akaunti rasmi, nikachukua barua. Kwa hiyo wewe uliye na akaunti za zamani, ile ya mshahara wa kwanza na ile uliyofungua ili upate mwavuli wa bure, kazifunge kwa maandishi.

Ukikuta kosa, usianze na kupiga kelele. Liandikie shirika, ueleze ni kipengele gani unakipinga, ambatisha risiti. Wakishapokea, wanalazimika kuweka alama kwenye taarifa yako kwamba habari hiyo inabishaniwa, na kumuuliza mkopeshaji. Mkopeshaji akishindwa kuthibitisha, lazima habari irekebishwe au ifutwe. Na ikiwa umelipa deni la kweli, usitarajie kwamba maandishi yatayeyuka siku hiyo. Rekodi ya kwamba ulikwama kisha ukalipa hukaa miaka mitano tangu siku ya kulipa. Itaandikwa kwamba umemaliza, na hilo ni tofauti kubwa na kudaiwa, lakini itasomeka. Kwa hiyo yule bwana wa mtandaoni anayekwambia umpe shilingi elfu tatu akufute CRB kesho asubuhi ni mwizi. Hana ufunguo wa daftari hilo.

Kuna mambo mawili bado yananikereketa.

La kwanza ni hawa waajiri. Naelewa benki ikitaka kujua kama unalipa madeni. Naelewa pia anayeajiri keshia wa kuhesabu mamilioni. Lakini karani wa stoo? Mpishi? Dereva? Kijana hana kazi, kwa hiyo hakulipa. Hakulipa, kwa hiyo hapewi kazi. Ni sawa na kumfunga mtu miguu kisha kumuuliza mbona hakimbii. Taarifa ile ilitengenezwa ili kupima hatari ya mkopo, haikutengenezwa kupima uaminifu wa mtu aliyeibiwa simu.

La pili ni bei. Tulipoletewa mashirika haya tuliahidiwa kitu. Tuliambiwa kwamba Mwafrika asiye na hati ya shamba atatumia sifa yake njema kama dhamana, na kwamba anayelipa vizuri atakopeshwa kwa riba ndogo kuliko mzembe. Kiboko kilifika mapema. Zawadi ndiyo iliyochelewa njiani. Kwa muda kulikuwa na sababu: kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 sheria iliweka kikomo cha riba, na benki ikiwa haiwezi kumtoza mwenye hatari zaidi, ilitumia daftari kuamua nani apewe na nani afukuzwe, basi. Lakini kikomo kiliondolewa. Tangu hapo Benki Kuu imekuwa ikiyahimiza mabenki yapange riba kulingana na hatari ya kila mkopaji. Rais William Ruto, alipoapishwa Septemba 2022, alisema waziwazi kwamba utaratibu wa kumweka mtu nje moja kwa moja lazima uondoke, mahali pake paje upimaji wa ngazi kwa ngazi.

Basi, wewe uliyelipa mikopo yako mitatu bila kuchelewa, siku utakayoketi mbele ya afisa wa mikopo, usikubali akusomee riba kama bei ya nauli iliyobandikwa dirishani. Iweke taarifa yako mezani. Muulize alama yako imepunguza asilimia ngapi, na kama haikupunguza, ni kwa nini. Uliza pia benki ya jirani. Mimi nilijaribu mwezi uliopita katika mkopo mdogo wa kumalizia paa. Afisa yule, kijana mwenye tai nyembamba, alinitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa mama yake. Akatoka, akakaa huko ndani kama dakika kumi na tano, akarudi akaniambia wanaweza kupunguza nukta moja na nusu. Sikuwa nimepewa kitu cha bure. Ilikuwa bei yangu tangu mwanzo, ila hakuna aliyekusudia kuniambia.

Kabla sijaondoka, habari za kijana. Alikopa zile 2,700 kwa mama yake, akalipa Jumatatu, na benki ikampa barua ya kuthibitisha siku hiyo hiyo. Alhamisi taarifa ya CRB ilikuwa bado inasema anadaiwa, kwa sababu benki ilikuwa haijapeleka habari mpya. Akaenda tena tawini. Wakasema wameshatuma. Akaenda kwenye shirika lenyewe na nakala ya barua, akaandika malalamiko, akapewa nambari ya kufuatilia. Meneja wa ile kampuni ya Industrial Area, nampongeza kwa hilo, amekubali kuishika nafasi hadi tarehe 30 ikiwa barua ya benki itaambatana na nambari hiyo.

Leo ni tarehe 24. Jana jioni nilimkuta kijana kibandani akichaji simu. Laini yake ya zamani ameirudisha kwa kampuni ya simu kwa kutumia kitambulisho, na ujumbe wa miaka yote hiyo, aliniambia, haukuja hata mmoja.